Miiko ya Bi Hind

Jumatatu, 3 Oktoba 1983
Daftari hili nimelitoa kwenye rafu za duka la kaka Onesphory, hapa Kariakoo. Halimpunguzii kitu. Rafuni kulikuwa na madaftari manne, viberiti vilivyolowa na picha ya Bikira Maria, ambayo haiuzwi.

Leo asubuhi alipita balozi wetu wa nyumba kumi, Ndugu Kasmir, na karatasi yake. Kila mtu mzima aeleze anafanya kazi gani. Kaka akasema ana duka. Wifi Blandina akasema ni karani, na kweli ni karani, naye hatuachi tusahau. Mimi nikasema nasaidia dukani. Ndugu Kasmir akazitazama rafu, kisha akanitazama.

"Unasaidia kuuza nini, dada Celina?"

Wifi akacheka. Kaka hakucheka. Ndugu Kasmir akaeleza kwa upole, kama anasoma tangazo la msiba: asiye na kitambulisho cha kazi hadi katikati ya Desemba atarudishwa kwao akalime.

Kwetu ni Kibosho. Kibosho kuna migomba, kuna baridi nzuri, na kuna Theophil, mume wangu wa ndoa, aliyenivunja mkono wa kushoto mwaka juzi kwa mpini wa jembe. Kihamba cha baba, shamba letu la migomba, wamegawana kaka zangu. Kwa hiyo nikirudishwa kwetu, narudishwa kwake. Sirudi.

Jumatano, 5 Oktoba
Nimemwona Ndugu Filbert, tunayesali naye kanisa moja. Yeye ni mwenyekiti wa ushirika wa mafundi ngozi kule Ilala. Mwanachama mmoja amefariki, nafasi ni moja tu, na wanataka mpiga nakshi. Jaribio ni tarehe kumi Desemba. Nikamwambia sijawahi kupiga nakshi hata kwenye unga wa maandazi.

"Basi nenda kwa Bi Hind binti Azzan, Mtaa wa Narung'ombe," akasema. "Ni mwanamke peke yake katika ushirika wetu. Akikukubali, ndani ya miezi miwili utakuwa na mkono."

Jumamosi, 8 Oktoba
Amenikubali, lakini kwa namna yake. Bi Hind ni mwanamke wa miaka sitini hivi, mrefu, na kifundo cha mkono wake wa kulia kimevimba kama kitunguu. Baba yake alikuwa mshonaji wa makubadhi, vile viatu vya wazi vya ngozi wanavyovaa mabwana harusi wa pwani. Mama yake ndiye aliyepiga nakshi kwenye kanda za viatu hivyo. Wote wawili wamekufa, na yeye amebaki na chumba kimoja na ua wa nyuma wa kugombea na wapangaji.

"Shikamoo, Bi Hind."

"Marahaba. Umekula?"

Nikasema nimekula. Akaniambia nikae nimtazame. Nimekaa saa nne namtazama. Hakuniruhusu hata kushika nyundo.

Jumatatu, 10 Oktoba
Nimemtazama tena.

Jumatano, 12 Oktoba
Leo nimeshika kitambaa. Kazi yangu ni kuilowesha ngozi. Ngozi yenyewe ni ile iliyolainishwa kwa magome ya mkoko, rangi yake kama chai ya maziwa. Unaifuta kwa kitambaa chenye maji mpaka inakuwa nyeusi nyeusi, halafu unasubiri. Si dakika tano, si dakika kumi, unasubiri tu. Rangi inapoanza kurudi, unaiweka shavuni. Ikiwa bado ina ubaridi, iko tayari. Ukiwahi, chapa ya kugongea maua inazama kama kidole kwenye uji. Ukichelewa, chapa haiachi alama.

Pamoja na hayo nimepewa miiko. Naiandika hapa nisije nikasahau kuicheka. Kazi haianzwi Jumanne. Usipige huku unaimba, mkono utafuata wimbo. Aliyekula samaki anawe mara mbili. Chuma kisikutane na ngozi iliyolowa, wala maji yake yasikae kwenye kopo. Ndiyo maana yeye ana bakuli la udongo na chapa za shaba, anazifuta kila dakika utadhani ni za dhahabu. Na kipande cha kwanza ulichoharibu usikitupe.

Kila mwiko nilimuuliza kwa nini. Kila mara jibu lilikuwa hilo hilo: "Marehemu mama alikataza."

Masista walinifundisha miaka minane, na walinifundisha kuuliza kwa nini. Mwarabu wa Narung'ombe ananifundisha kunawa samaki.

Alhamisi, 20 Oktoba
Mvua za vuli zimeanza. Foleni ya sukari, saa tatu. Sukari ikaishia kwa mtu wa tano mbele yangu.

Jumatatu, 24 Oktoba
Nimeshika nyundo. Ni ya mti, nzito kichwani. Chapa inashikwa kwa vidole vitatu, wima kabisa, kidole cha mwisho kikilala juu ya ngozi kuushikiza mkono. Chini kuna kipande cha marumaru, mabaki ya meza ya tajiri fulani. Unapiga mara moja tu. Ukirudia, chapa inahama kidogo na ua linakuwa na kivuli, na kivuli hakifutiki.

Nilirudia. Mkono wangu wa kushoto hauna nguvu tangu uvunjike, chapa ikaenda upande. Bi Hind akakichukua kipande kile, akatoboa tundu, akanifungia kamba.

"Kitundike kwako," akasema.

Nimekitundika nyuma ya mlango, mahali ambapo wifi hatakiona akauliza.

Jumanne, 1 Novemba
Jumanne. Hakuna kazi, mama alikataza. Siku arobaini zimebaki, na moja tumeipoteza kwa sababu ya maiti.

Jumamosi, 5 Novemba
Lori la msako wa wasio na kazi lilisimama upande wa sokoni asubuhi. Sadalla, muuza kahawa wa pembeni kwetu, wamemchukua na birika lake mkononi. Mkewe alifika lori limekwisha kuondoka. Aliniuliza mimi wamempeleka wapi, kana kwamba mimi ndiye niliyeliendesha.

Nilienda mbio kwa Bi Hind, na alikuwa amekwisha kusikia. Hakunipa nyundo. Alinipa kisamvu na wali, akanikalisha, akaendelea na kazi yake. Nilitaka anifundishe, siyo anilishe.

Jumanne, 8 Novemba
Mvua.

Jumatano, 9 Novemba
Leo nimepiga ukanda mzima, maua kumi na matano, kwa chapa za shaba za mama yake. Uzi uliovutwa katikati, ua la kwanza katikati kabisa, kisha moja kulia na moja kushoto, ili makosa yagawanyike na jicho lisiyaone. Pigo moja moja. Ukipiga sawasawa sauti inabadilika, inakuwa fupi. Nililisikia hilo mwenyewe kabla hajaniambia.

Nilifurahi. Naliandika neno hilo kwa sababu ni la kwanza humu.

Bi Hind aliupitisha ukanda kwenye vidole vyake macho kafumba. Akasema, "Mama angekuachia chapa hizi." Halafu akauchukua, akauweka kabatini na nyingine zangu.

Alhamisi, 17 Novemba
Nimejua kabati lile linafanya kazi gani. Leo sokoni, penye nazi, nimemwona mtu mnene mwenye suti ya Kaunda amevaa makubadhi mapya. Nikayatambua maua. La tatu kutoka mwisho limeinama kidogo. Hilo ni la kwangu, mkono ulichoka. Jasho langu linatembea Kariakoo kwenye miguu ya mtu nisiyemjua.

Nilikwenda moja kwa moja Narung'ombe.

"Bi Hind, zile kanda zangu unauza?"

"Zimekwenda," akasema, bila kuinua macho.

"Zimekwenda wapi?"

"Zinakotakiwa. Kazi ikikaa kabatini, mwanangu, nani ataijua?"

Mwanangu! Nilikaa, nikalowesha ngozi, nikapiga. Nimelelewa kuheshimu wakubwa, na sina mwalimu mwingine. Lakini nimeelewa sasa kwa nini alinikubali na mkono wake umevimba. Mimi ndiye mkono wake.

Ijumaa, 18 Novemba
Wifi Blandina alinipikia chai mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nije mjini. Nilimsimulia habari ya kanda. Akasema, "Wifi yangu, hao hawampi mtu kazi yao yote. Lazima kuna kitu amekibakiza." Nilijua anasema hivyo kwa sababu anakitaka chumba changu. Hata hivyo maneno yamenikaa.

Jumatatu, 28 Novemba
Barua ya ushirika imefika. Tuko sita. Kila mmoja aje na zana zake mwenyewe. Ngozi watatoa wao.

Bi Hind alifungua sanduku lake, akatoa kitambaa, ndani yake chapa tatu za shaba za mama yake. Akanisukumia.

"Chukua. Siku ile utazitumia hizi."

Nikawaza: nikifaulu kwa chapa zake, kila ua nitakalopiga mpaka kufa litakuwa lake. Ataniambia zimekwenda, na mimi nitaitikia. Nikasema, "Ahsante, Bi Hind, nina za kwangu." Sikuwa nazo.

Alizitazama zile chapa kama mtu aliyerudishiwa chakula mezani. Akazifunga tena. Hakuniuliza za kwangu ni za nini.

Jumamosi, 3 Desemba
Nimetembea mpaka Buguruni kwenye mvua, kwa fundi baiskeli, nikaazima jiliwa la kubania chuma na tupa ya kusugulia. Misumari mitatu ya inchi sita. Nilikata vichwa, nikasugua ncha mpaka zikawa bapa, nikachonga ua la kahawa: petali tano nyembamba, kama linavyochanua kwetu siku chache baada ya mvua. Hakuna chapa kama hiyo Narung'ombe wala Dar es Salaam nzima. Vidole vinatoka damu, na nina raha.

Alhamisi, 8 Desemba
Chapa zimekwisha. Sikuwa na kipande cha ngozi, na kumwomba Bi Hind sikutaka. Nimezijaribu kwenye mkanda wa zamani wa kaka, ule mweusi. Ua limetoka safi, kila petali. Kaka aliukuta mkanda wake una maua, akauvaa hivyo hivyo. Ni mtu mwema, kaka yangu, ila wema wake hausemi.

Jumamosi, 10 Desemba
Ninaandika kwa sababu nisipoandika nitavunja kitu, na vitu vyote humu ni vya wifi.

Jaribio lilifanyika kwenye karakana ya ushirika, Ilala. Mvua ilikuwa inapiga bati hata tulikuwa tunasemezana kwa mikono. Sisi sita tulikaa kwenye benchi refu, wanachama walikaa mbele yetu, Bi Hind mwisho kabisa karibu na mlango. Ndugu Filbert akamtambulisha katibu, Ndugu Bakili. Ndugu Bakili akasimama. Mnene, suti ya Kaunda. Nikatazama miguuni kwake, nikayaona maua yangu, na lile la tatu limeinama.

"Wewe ndiye Celina?" akasema, akanyoosha mguu wenzake waone. "Bi Hind katuletea jozi tatu za mkono wako. Hata tulitaka kukupitisha bila jaribio, mwenyekiti ndiye kakataa, kasema sheria ni sheria."

Kumbe ndiko zilikokwenda. Nilimtazama Bi Hind, na yeye alikuwa anatazama mikono yangu. Ningeweza kumwinulia kichwa tu, angeelewa. Sikuinua. Niliona haya, na haya zangu hutoka zikiwa hasira.

Tukapewa kila mmoja ukanda wa ngozi ya magome. Nikatoa kopo langu la mafuta ya Kimbo, sasa lina maji ya bombani, kopo la zamani, lina kutu ukingoni. Nikatoa misumari yangu. Nikalowesha, nikasubiri, nikaweka shavuni. Nikavuta uzi. Ua la katikati, pigo moja. Sauti fupi. Moja kulia, moja kushoto. Jirani yangu, bwana mmoja wa Temeke, alikuwa anapiga mara mbili mbili na maua yake yanalala kila upande. Nilimwonea huruma, Mungu anisamehe.

Kwenye ua la tisa niliona kitu. Ua la katikati lilikuwa na kivuli cha kijivu. Nilidhani ni giza la mvua. Nikapiga la kumi. Kivuli kikawa cha bluu, kikawa cheusi, kikatanda nje ya petali kama wino uliomwagika. La pili nalo likaanza, na la tatu. Nikachukua kitambaa nikafuta kwa maji ya kopo. Weusi ukaenea ukanda mzima. Alama za vidole vyangu zikatokea, kimoja kimoja, kama nimechukuliwa polisi.

Bi Hind aliinuka akatoka. Nilimwona akikimbia kwenye mvua, mwanamke wa miaka sitini, baibui limekunjwa mkononi. Punde akaonekana dirishani nje kwenye maji, ameshika ndimu iliyokatwa, ananyoosha mkono kati ya nondo.

"Celina! Ndimu! Ipake ndimu!"

Watu wakacheka. Mimi nilisikia kicheko tu. Nilimwona anajikweza juu yangu mbele ya watu wote, kama anawaambia: huyu bila mimi si kitu. Nikampa mgongo. Akaita mara tatu. Nikaendelea kufuta.

Muda ukaisha. Ndugu Filbert alipita na ukanda wangu mkononi, akautazama mbele na nyuma.

"Mkono mzuri," akasema. "Kazi chafu."

Nafasi amepata yule bwana wa Temeke. Maua yake yamelewa, lakini ngozi yake ni safi. Alipiga kwa chapa za mti wa mpingo. Nikauacha ukanda wangu mezani, nikatoka kwa mlango wa nyuma nisimkute Bi Hind.

Jumatatu, 12 Desemba
Nimekwenda Narung'ombe. Sikutoa shikamoo. Wapangaji walikuwa uani wanafua, nikasema mbele yao, kwa sauti.

"Ulijua! Miezi miwili nimekaa miguuni pako, ulijua chuma kinaunguza ngozi na hukuniambia. Ulitaka ubaki mwanamke peke yako kule!"

Mfuaji mmoja akaacha kufua. Bi Hind alikuwa ameshika bakuli la udongo. Aliliweka chini taratibu.

"Sikukuambia?" akasema.

"Hukuniambia!"

"Nadhani nilikuambia." Akashika paji la uso. "Au nilitaka kukuambia. Subiri, mwanangu, nikumbuke."

Sikusubiri. Niliondoka nikijisikia nimeshinda kitu.

Jumanne, 13 Desemba
Kwa kuwa sina kazi, nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Nilitaka niandike barua kwa ushirika, nieleze siku kwa siku jinsi mwalimu alivyonificha, labda wangenipa jaribio la pili. Nilikuwa nakusanya ushahidi.

Tarehe kumi na mbili Oktoba. Mstari wa tisa. *Chuma kisikutane na ngozi iliyolowa, wala maji yake yasikae kwenye kopo.*

Mwandiko ni wangu. Niliuandika nisije nikasahau kuucheka.

Jumatano, 14 Desemba
Ndugu Kasmir ameleta karatasi. Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, gari la kwenda Moshi. Wifi ameanza kupima madirisha kwa ajili ya mapazia.

Alhamisi, 15 Desemba
Mvua. Nimefika mpaka kona ya Narung'ombe, nikarudi.

Ijumaa, 16 Desemba
Amekuja yeye. Mchana, jua la ghafla baada ya mvua, nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya duka, daftari hili mapajani. Nikamwona anavuka dimbwi kwa makubadhi yake, kifurushi kwapani. Nikalifunga daftari.

"Shikamoo, Bi Hind."

"Marahaba. Umekula?"

Alikaa. Akafungua kifurushi. Kulikuwa na ukanda wangu mweusi, aliuchukua Ilala. Akatoa ndimu, akaukamulia, akasugua kwa kidole gumba pole pole, kile cha mkono uliovimba. Weusi ukawa kijivu. Kijivu kikawa njano. Maua ya kahawa yakatokea moja baada ya jingine, kumi, yamesimama wima, petali tano tano. Sijawahi kuona kazi nzuri kama ile, na ni yangu.

Halafu akatoa kipande kingine, kidogo, kigumu kwa uzee, kina tundu na kamba. Kilikuwa na alama nyeusi za vidole vya mtoto.

"Hiki cha kwangu," akasema. "Nilikata kwa makasi ya baba, na ngozi imelowa. Mama alinichapa, hakunieleza. Na mimi nimekufundisha kama alivyonifundisha yeye. Siku nne hizi sijalala, nawaza, nilimwambia au sikumwambia? Naona sikukuambia. Uzee huu, mwanangu. Ningekuambia usingeenda na misumari, wewe una akili." Akanishika mkono, ule wa kushoto. "Nimekuponza. Ninakuomba radhi."

Watu walikuwa wanapita. Kaka alikuwa mlangoni, amevaa mkanda wenye maua, anasikiliza. Daftari lilikuwa mapajani, na ningelifungua tu, tarehe kumi na mbili Oktoba, mstari wa tisa. Bi Hind anasoma herufi za Kiarabu tu, lakini ningeweza kumsomea.

Nilisema, "Yamekwisha, Bi Hind. Nimekusamehe."

Akabusu mkono wangu. Akaniachia kile kitambaa cha chapa za shaba, akasema huko Kibosho nisitumie chuma. Kisha akaondoka akipita kando ya dimbwi, mwepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na mimi nikabaki nimeweka viganja vyote viwili juu ya jalada la daftari.